Hatua Nne Nyuma ya Klara

Jumanne ya mwisho ya Oktoba, saa kumi na moja kasoro dakika tano jioni, Klara alizima kompyuta, akainuka kwenda kuanua nguo, akajiona mgongo. Alijiona mzima, kuanzia kisogo hadi visigino, kama anavyoonekana na mtu anayemfuata kwa umbali wa hatua nne. Zipu ya gauni lake haikuwa imefika juu. Akapeleka mkono nyuma akaipandisha, na akauona mkono ukifanya hivyo. Kisha akaenda kambani.

Alipofumba macho, giza lilikuja. Alipofumbua, mgongo ulirudi. Alijaribu mara tatu akiwa ameshika shuka, akaona hakuna kinachobadilika, na mbuzi walikuwa wanarudi. Akamaliza kuanua, akafunga mbuzi, akabandika maji ya ugali. Sufuria hakuiona, kwa kuwa mgongo wake ulikuwa umeikinga. Alisonga kwa mazoea. Ugali ulitoka na madonge mawili.

Klara alikuwa fundi cherehani katika kijiji kilicho mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Issuna. Alishona sare za shule na magauni ya kipaimara. Mume wake, Lazaro, alikuwa amefariki miaka minne iliyopita kwa ugonjwa wa figo, akazikwa kwenye shamba la nyumbani, upande wa mashariki, hatua kumi na mbili kutoka kwenye uzio wa minyaa unaotenganisha shamba lake na la mdogo wake, Edward. Klara alijua kuwa ni kumi na mbili kwa sababu alizihesabu mwenyewe siku ya maziko, watu wengine wakiwa wanakula.

Sasa zilikuwa tatu.

Kaburi halikuwa limesogea. Klara alikuwa amewaambia watu kadhaa kwamba uzio ndio unaosogea, na wote walimjibu kwa upole. Jirani mmoja alimwambia kwamba mjane huhesabu vibaya. Paroko alimshauri apumzike. Edward mwenyewe alisema hatua za mtu mwenye msiba huwa fupi, kwa hiyo lazima zilikuwa nyingi siku ile. Kila mwaka Klara alihesabu upya, kila mwaka zilipungua tatu, na kila mwaka aliamini kidogo zaidi kwamba kasoro iko kichwani mwake. Mwaka wa tatu aliacha kusema.

Kompyuta ilikuwa ya Lazaro. Aliinunua Ikungi kwenye duka la kuchapa barua lililokuwa linafungwa, akaikuta ina mchezo ndani. Ulikuwa mchezo wa zamani hata siku hiyo. Unamhusu mtu wa koti la ngozi anayetembea kwenye mji wa mawe uliohamwa, akitafuta mlango wa kutokea. Anayeucheza hamwoni uso. Anamwona mgongo tu, kutoka hatua nne nyuma, juu kidogo ya bega. Lazaro aliucheza miaka sita bila kuumaliza. Klara alipomuuliza anafaidi nini kuangalia mgongo wa mwanaume mwenzake, alimjibu kwamba aliye nyuma ya mtu anamlinda vizuri kuliko aliye mbele.

Hata njiani alikuwa hivyo. Wanaume wengine wa kijiji walitangulia, wake zao wakafuata na mizigo. Lazaro alimtanguliza Klara, yeye akaja nyuma, mrefu, kichwa kimelala kidogo upande wa kushoto tangu alipoanguka na baiskeli. Watu walimcheka. Winfrida, jirani na rafiki wa Klara, alikuwa akiwapigia kelele kutoka kwenye bustani yake ya nyanya kwamba Lazaro anamswaga mke kama ng'ombe wa mnada.

Februari ya mwaka ule, binti yao Pendo, anayesoma Dodoma, aliomba picha ya baba yake. Klara akawasha kompyuta kuitafuta. Picha haikuwemo. Kulikuwa na mchezo tu. Aliufungua, akamkuta mtu wa koti amesimama kando ya kisima cha mawe, pale pale Lazaro alipomwacha wiki moja kabla ya kulazwa. Mchezo ule haukuhifadhi mahali alipofika mtu isipokuwa kwenye visima, na visima vilikuwa vichache. Nafasi za kuhifadhi zilikuwa tatu, na zote tatu zilikuwa na jina la Lazaro.

Klara alianza kuucheza kila siku baada ya kazi, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja. Kama mshonaji, aliliheshimu lile koti. Lilikuwa na mshono mmoja katikati ya mgongo. Mtu akiruka lilipepea, akitua lilishuka nyuma yake kwa kuchelewa kidogo, kama nguo nzito inavyotakiwa kushuka. Aliyelitengeneza alikuwa amewahi kuvaa koti. Magoti ya yule mtu yalikunjika alipotua, na alipochoka mabega yalishuka. Maadui zake, askari wa mawe, kila mmoja alikuwa na tabia yake, na ukiijua tabia yake hakusumbui tena. Klara aliupenda uadilifu huo.

Mengine yalimuudhi. Mtu yule aliweza kumwangusha askari mrefu kama mnara wa simu, lakini hakuweza kuvuka uzio unaomfika magotini. Alipofika kwenye uzio alitembea papo hapo, miguu inakwenda, mwili umesimama. Klara alimwambia mara nyingi anyanyue mguu. Kamera, yaani jicho la mchezo linalomfuata, nayo iligonga kuta. Kwenye vichochoro ilionyesha matofali, au nywele za yule mtu, au giza. Akibanwa na mgongo ukagusa ukuta, kamera ilikosa mahali pa kusimama, ikaruka mbele na kuuonyesha uso wake, ambao ulikuwa umechorwa kwa haraka na haukuwa na lolote. Ubaya mkubwa ulikuwa kwenye daraja lililovunjika. Mtu akiwa hewani, kamera iligeuka yenyewe, kushoto kukawa kulia, mtu akaanguka korongoni. Alirudishwa kisimani, na njia yote ya dakika ishirini ikabidi ianze upya.

Angeweza kupunguza adha hiyo. Kulikuwa na kisima kingine karibu na daraja. Lakini kuhifadhi pale kulimaanisha kufuta mahali pamoja alipoacha Lazaro, na Klara hakuwa tayari kumfuta. Kwa hiyo tangu Februari hadi Oktoba alianza kila siku pale pale, akaanguka pale pale, akazima, akaenda kuanua nguo.

Baada ya Jumanne ile alijifunza kuishi na mgongo wake. Barabarani ilikuwa rahisi kuliko zamani. Aliona bodaboda zinazokuja nyuma kabla hazijapiga honi, na aliona kona zilivyo kabla hajazifikia. Ndani ya nyumba ilikuwa shida. Chumba cha cherehani kilikuwa kidogo, picha ikabanwa na kabati, akawa anaona mbao tu. Akahamishia cherehani uani. Kujifunza kutunga uzi kwenye sindano kulimchukua siku nne. Ilibidi ainamishe mwili upande wa kulia ili bega lake lisikinge sindano, na picha ilikuwa imelala kidogo kushoto, kwa hiyo ilibidi ainame zaidi. Alikuwa na kioo kidogo cha ukutani, lakini kutoka hatua nne uso wake ulionekana kama kizibo cha soda, na nyuma yake kwenye kioo kulikuwa na pazia tu.

Kwenye zahanati walimpima macho wakakuta ni mazima. Mhudumu aliandika kwenye kadi kwamba mgonjwa anaona kutoka nyuma, akamuuliza kama anasikia maumivu. Klara alisema hapana. Akapewa vidonge vya kutuliza maumivu na kuambiwa arudi yakianza.

Pendo kwa simu aliuliza kama picha iko wazi au ina ukungu. Klara alijibu kuwa iko wazi.

"Basi afadhali, mama," Pendo alisema, na wakaendelea kuzungumzia ada ya hosteli.

Winfrida aliichukua kwa namna yake. Alimwambia sasa atajua kwa nini watu hucheka akipita na gauni la zambarau. Klara alikwenda akalivaa lile gauni, akatembea hadi kwenye bomba la maji na kurudi, akajiangalia njia nzima, akakubali kwamba lilikuwa limekatwa vibaya kiunoni. Akalifumua jioni ile ile.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakulitaja kwa yeyote, kwa kuwa hakuona umuhimu wake. Kila alipoingia kwenye jiko la nje, ambalo mlango wake ni mfupi, picha ilishuka kidogo kisha ikapanda tena. Yeye mwenyewe hakuwa na haja ya kuinama kwenye mlango ule. Alikuwa mfupi.

Mvua za kwanza zilinyesha wiki ya mwisho ya Novemba. Klara alishika jembe akaanza kulima upande wa mashariki, akiupa uzio mgongo na kuelekea nyumbani, kama alivyolima kila mwaka, kwa sababu udongo wa pale hulimika vizuri ukishuka na mteremko. Akiinama kulima, picha ilirudi nyuma hadi ng'ambo ya uzio, na alikuwa kwenye tuta la tano alipomwona Edward.

Edward alitoka kwenye shamba lake la mtama bila haraka. Alifika kwenye uzio, akaangalia mgongo wa Klara, akashika shina la mnyaa akaling'oa. Mnyaa mchanga hung'oka kirahisi. Akalibeba hatua nne kuelekea kaburini, akalichomeka, akalikandamiza kwa kisigino. Akarudi kuchukua lingine. Utomvu ulimdondokea mkononi akajifuta kwenye suruali. Klara aliendelea kulima. Alihesabu mashina kumi na moja. Miaka yote mitatu alikuwa hapa hapa, ameinama, na miaka yote mitatu mtu huyu alikuwa pale.

Kitu kilimshuka mabegani. Alikiona kikishuka, maana alikuwa anayaangalia mabega yake. Yalikuwa yamepanda tangu mwaka wa kwanza na yeye hakujua.

Akageuka. Picha ilichelewa, kama ilivyokuwa ikichelewa kwenye mchezo. Ilipita kwanza kwenye kilima, ikapita kwenye paa la Winfrida, na ilipofika nyuma yake Edward alikuwa ameegemea fimbo, ametulia.

"Pole na kazi, shemeji."

"Nimeshapoa," Klara alisema. "Kumi na moja, shemeji. Nimeyaona yote."

Edward aliangalia minyaa, kisha akamwangalia yeye. Hakuonekana kushangaa. Alisema alishasikia kijijini kuhusu hilo jambo la macho, ila hakujua kama linafanya kazi hadi shambani. Akamtakia kazi njema, akarudi shambani kwake.

Klara alikwenda ofisi ya kijiji siku ile ile na udongo miguuni, akaandikisha malalamiko. Aliambiwa wazee wa usuluhishi watakaa baada ya wiki mbili. Hakuna aliyemwambia Edward asubiri. Ndani ya siku tatu alimalizia uzio mzima, kutoka barabarani hadi kwenye korongo, na kaburi la Lazaro likawa upande wake, hatua moja ndani ya mtama.

Siku ya kikao Klara alivaa gauni la zambarau, ambalo sasa lilikuwa limekaa vizuri kiunoni. Wazee walikuwa saba. Mwenyekiti wao alikuwa mzee Melkiori, mtu mwenye heshima na miwani ya kamba. Klara alimwamkia kila mmoja shikamoo, akaitikiwa marahaba mara saba, Edward naye akafanya vivyo hivyo. Karani alifungua fomu. Klara alieleza habari yote kwa mfuatano: hatua kumi na mbili, tisa, sita, tatu, kisha mashina kumi na moja mchana kweupe.

Karani alisoma swali la fomu. Je, mlalamikaji aliona tukio kwa macho yake?

Klara akasema ndiyo.

Alikuwa ameelekea upande gani wakati wa tukio? Magharibi. Tukio lilitokea upande gani? Mashariki. Karani aliinua kalamu akamwangalia mwenyekiti.

Hakuna aliyesema kwamba Klara anadanganya. Mzee Melkiori alisema ni haki jambo lijaribiwe. Walitoka wote nje, Klara akasimamishwa akiangalia mlingoti wa bendera, na mama Eliza, mjumbe pekee wa kike, akasimama hatua mbili nyuma yake akinyanyua vitu. Klara alitaja ndala, kikombe cha bati, kofia ya Edward, na kitabu cha mahudhurio kilichoshikwa juu chini. Akaongeza kwamba shimizi ya mama Eliza imetokeza upande wa kulia. Mama Eliza aliirekebisha. Wazee walitikisa vichwa kwa kukubali, wakarudi ndani.

"Mimi sibishi kwamba shemeji ameona," Edward alisema alipopewa nafasi. "Kuona ameona. Ila hakuwa ameniangalia."

Kisha alitoa maelezo yake. Hakusogeza mpaka. Minyaa ya zamani ilikuwa imekufa kwa ukame, akapanda mingine pale ilipokuwepo. Wazee saba waliozaliwa na kukulia Singida, ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuona mnyaa uliokufa kwa ukame, walimsikiliza hadi mwisho. Mnyaa ukitupwa juu ya bati huchipua. Karani aliandika: ukame.

Klara aliambiwa akae kwenye benchi wakati wazee wakishauriana. Benchi lilikuwa limesukumwa hadi ukutani. Alipokaa, mgongo wake ukagusa ukuta, picha ilikosa mahali pa kusimama. Ikahangaika kidogo kwenye kona, ikaonyesha chokaa, kisha ikaruka mbele yake na kumwonyesha uso wake kwa karibu sana.

Hakuwa ameuona vizuri tangu Oktoba. Alikuwa amejiandaa kwa uso ule ambao watu walimwelezea miaka mitatu kwa upole, uso wa mjane anayehesabu vibaya. Ulikuwa uso wa mwanamke aliyechoka kiasi, mwenye ufumwele wa uzi mweupe kwenye nyusi. Macho yalikuwa yametulia. Ulikuwa uso wa mtu ambaye ukimpa kitambaa akapima, hukipimi tena. Klara aliutoa ule uzi. Alijisikia kama anavyojisikia mtu aliyevua kiatu kilichombana siku nzima, na hakusikia sehemu ya mwanzo ya uamuzi.

Sehemu aliyoisikia ilisema kwamba mpaka ni pale uzio ulipo leo.

Akainuka. Picha ikarudi nyuma yake.

"Kwa hiyo mzee, mimi nimesema uongo?"

"Hapana, mama Pendo," mzee Melkiori alisema. Alivua miwani, akaifuta. "Umesema kweli, na sote tumeona kuwa unaona. Ila fomu haina mahali pa kuiweka."

"Na minyaa kufa kwa ukame?"

Mzee alivaa miwani tena.

"Hiyo ina mahali," alisema.

Edward, ambaye hakuwa mtu wa kununa, alimfuata nje akamwambia kaburi ni la kaka yake pia, na kwamba Klara akitaka kulipalilia aombe tu, wakati wowote, mradi mtama uwe haujashika mbegu. Klara alimshukuru kwa kuwa ndivyo alivyolelewa, akaenda zake.

Alirudi kwa njia ya mkato inayovuka korongo, ambayo hakuwa ameipita tangu Oktoba. Mvua ya usiku ilikuwa imepitisha maji mengi, na mahali pa kuvukia palikuwa na ubao mmoja wa mninga, mwembamba, uliolowa. Klara alisimama ukingoni. Tangu Oktoba alikuwa ameogopa mahali pa namna hii. Alilijua lile daraja la mchezo vizuri kuliko alivyojua njia ya kanisani. Mtu akiwa katikati, kamera hugeuka, kushoto huwa kulia, mtu huanguka.

Akaweka mguu.

Picha haikugeuka. Haikumfuata pia. Ilisimama ukingoni, ikamwacha atangulie, na Klara akajiona anavyovuka akizidi kuwa mdogo, hatua ya tano, ya sita, ya saba, mikono imepanuka, gauni la zambarau limekaa sawa. Alipokanyaga ng'ambo na kushika mzizi wa kichaka, picha ilisubiri kidogo, kama mtu anayehakikisha. Kisha ikaja juu ya ubao, polepole, ikipanda na kushuka kwa uzito wa hatua, imelala kidogo kushoto. Ubao ule haukuweza kubeba watu wawili kwa pamoja. Lazaro alikuwa akisema hivyo kila walipofika hapo, na kila mara alisubiri.

Klara alisubiri naye. Ilipofika hatua nne nyuma yake ikasimama.

Hakugeuka, kwa sababu alijua picha ikigeuka naye ataona kilima tu.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Zipu ungeniambia mapema."

Kisha akaenda nyumbani, akapita kando ya uzio mpya. Kaburi lilionekana ng'ambo ya minyaa, katikati ya miche ya mtama. Kila jioni kwa miaka minne, alipopita pale, miguu ilisimama yenyewe. Alingoja isimame. Haikusimama. Aliona mgongo wake ukipita kaburi bila kusita, akaona ni sawa, kwa kuwa aliyedhaniwa kuwa mle alikuwa anakuja nyuma.

Ilikuwa saa kumi na robo. Akawasha kompyuta. Mtu wa koti alikuwa kisimani. Klara alimpeleka njia yote ya dakika ishirini, akawapita askari wanne ambao tabia zao alizijua, akazunguka ule uzio wa magotini usiovukika, akafika kwenye kisima cha pili. Mchezo ukauliza kama anataka kuhifadhi, na kwenye nafasi ipi. Akachagua ya tatu. Mchezo ukasema kwamba kilichokuwa mle kitafutika, ukauliza kama ana hakika. Akabonyeza ndiyo. Akamwongoza mtu wa koti hadi kwenye daraja, kamera ikageuka hewani, mtu akaanguka korongoni. Alirudi hatua chache tu, kando ya kisima, anapumua. Klara alicheka peke yake, akazima, akaenda kuanua nguo.

Winfrida alikuwa wa kwanza kugundua kwamba Klara haombi ruhusa ya kwenda kaburini. Alimuuliza walipokuwa wakichambua mboga za mlenda. Klara alisema hana haja, hayupo kule.

"Yuko wapi?"

"Hapo," Klara alisema, akaonyesha nyuma ya bega kwa kisu.

Winfrida aliangalia pale, akasogeza beseni la mboga lisije likakanyagwa, akaendelea kuchambua. Kisha akasema kwamba kama ni hivyo basi bado anamswaga. Klara alisema ndiyo, bado.

Mwaka uliofuata mvua ziliwahi. Klara alilima upande wa mashariki, ameupa uzio mgongo. Kwenye tuta la tatu alimwona Edward akitoka shambani kwake, akaangalia huku na huku, akashika shina la mnyaa, akaling'oa, akanyanyua mguu kuvuka.

"Rudisha, shemeji," Klara alisema bila kuinua kichwa.

Edward alisimama na shina mkononi. Kisha alilirudisha kwenye shimo lake, akalikandamiza kwa kisigino, akamuuliza habari za Pendo. Klara alimwambia ni mzima, amebakiza muhula mmoja. Edward akasema asalimiwe.

Aliondoka, na Klara akaendelea kushuka na mteremko, mabega yake yametulia mbele ya macho yake. Nyuma kabisa, kwenye pembe ya picha, mtama wa Edward ulikuwa umeanza kuota juu ya hatua kumi na tatu za ardhi isiyo yake. Uzio haukusogea tena. Haukurudi pia.